Rupia ya Mjerumani mkononi: dalali, mnada, NGC au PCGS?

Moshi na Arusha hazikosi sarafu za Mjerumani. Ipo iliyotoka kwenye sanduku la bibi Marangu, ipo iliyofukuliwa na jembe Kibosho, ipo inayozunguka na wauza vinyago karibu na Mnara wa Saa wakimsubiri mzungu. Zamani mwenye nayo aliuliza jambo moja tu: nani atanunua? Siku hizi kila mtu ana simu, na maswali yameongezeka. Mtu ameona mtandaoni rupia kama yake ikiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, lebo imeandikwa NGC AU 58 au PCGS MS 63, na bei iliyo chini yake imemtoa macho. NGC na PCGS ni makampuni ya Marekani yanayokagua sarafu, kuzipa namba ya ubora na kuzifunga kwenye kasha hilo. Mtu huyo anataka kujua kama na yake aitume ikapewe namba.

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka alichukue aondoke. Makampuni haya yanaaminika sana yanaposema sarafu ni halisi, yanaaminika kiasi yanaposema ina daraja gani, na kwa sarafu nyingi zilizo mikononi mwa watu huku Kaskazini hayana kazi ya kufanya. Ila zipo chache ambazo ukiziuza bila kasha lao utapunjwa mchana kweupe. Shughuli yote ni kujua yako iko kundi gani.

Umeshika nini hasa

Sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai upande wa pili ni pesa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizopigwa kuanzia 1890. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa heller 100, na ndipo zikaja heller ambazo wazee wengi walizihifadhi: nusu, moja, tano, na baadaye za kumi zenye tundu katikati. Heller moja zilipigwa kwa mamilioni. Ndiyo maana zimebaki kila mahali, na ndiyo maana mtu anayekwambia heller yako iliyolika ina thamani ya nyumba anakutegea mtego. Hadithi za rupia zenye nguvu za ajabu, zinazotafutwa na tajiri fulani wa nje ambaye haonekani, ziweke kapu moja na hiyo. Ukiombwa utoe kwanza fedha ya "kupima", simama uondoke.

Rupia yenyewe ni ya fedha. Ina Kaiser Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Zile za 1890 hadi 1902 zina simba chini ya mnazi kwa nyuma. Za 1904 na kuendelea zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani katikati ya matawi. Ikiwa haijalika ina uzito wa gramu 11.66, na fedha ndani yake ni asilimia 91.7. Rupia iliyotumika sana si ya ajabu, lakini haishuki chini ya fedha iliyomo, kama gramu 10.7. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo ya bei na mtu yeyote.

Zinazostahili kukufanya ukae chini ni hizi. Rupia mbili za 1893 na 1894, sarafu nzito ya fedha ambayo haikupigwa tena baada ya hapo. Heller tano za shaba za 1908 na 1909, pana kupita kiasi, ikiwa bado ina sura nzuri. Na sarafu za Tabora.

Hizi za Tabora zinahitaji maelezo kidogo. Vita ilipofunga bahari, koloni likaishiwa sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha kupiga sarafu. Heller 20 na heller tano wakazipiga kwa shaba na shaba ya njano ya mabaki, na rupia 15 wakaipiga kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zote zina herufi T. Ile ya dhahabu ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima ambao wakusanyaji wanautambua kuwa ni Kilimanjaro, kwa hiyo mtu wa Moshi anaweza kuutazama mlima wake mara mbili kwa wakati mmoja. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7.168, dhahabu ya asilimia 75. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo. Heller 20 za Tabora ni nyingi na hazina bei kubwa. Heller tano ni chache zaidi. Rupia 15 huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyohiyo imeigizwa sana, kuanzia vipande vya shaba vilivyopakwa rangi ya dhahabu hadi bandia za dhahabu kweli.

Shilingi za Mwingereza zenye simba, zilizoanza 1921, na zetu za 1966 zenye samaki, mbuni, sungura na mwenge, usizitume popote ila kama hazijawahi kugusa mfuko wa mtu. Zitunze tu.

Namba inatoka wapi

Kipimo kinachotumika ni cha 1 hadi 70. Kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za zamani za kwao, baadaye kikahamishiwa sarafu zote za dunia. MS, kuanzia 60 kwenda juu, ni sarafu ambayo haikuzunguka sokoni. AU, kati ya 50 na 58, imeguswa kidogo sana. XF ni 40 na 45, VF ni 20 hadi 35, na chini ya hapo sura ya Kaiser inaanza kuwa ya kubahatisha. Rupia nyingi za huku ziko VF au chini yake.

PCGS ilianza California mwaka 1986, NGC ikafuata 1987. Utaratibu wao unafanana. Sarafu inaingia bila jina la mwenyewe, inatazamwa na wakaguzi wawili au zaidi kila mmoja peke yake, kisha mkaguzi wa mwisho anaamua namba. Inafungwa kwenye kasha, inapewa namba ya usajili, na namba hiyo unaweza kuiangalia kwenye tovuti yao. Mkaguzi hakai na sarafu yako kwa saa nzima. Sarafu za kawaida hupita mkononi mwake kwa sekunde.

Mtu wa Moshi ataelewa haraka akifikiria kahawa. Kahawa ya AA hupatikana kwa chekeche: punje ama inabaki juu ama inapita, na ukirudia kesho jibu ni lilelile. Ladha ya kikombe ni jambo lingine, pale anahitajika muonjaji, na waonjaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana bila hata mmoja wao kuwa mwongo. Uzito, kipenyo na madini ya sarafu ni chekeche. Tofauti ya MS 62 na MS 64 ni kikombe.

Basi zinaaminika kiasi gani?

Kwenye uhalisi, sana. Wana mizani, hadubini, mashine za kusoma madini, na zaidi ya yote wana kumbukumbu ya sarafu zilizokwisha pita mikononi mwao. Bandia ya Tabora inayoweza kumpita sonara wa Arusha ni vigumu iwapite wao. Wakikosea, wanayo dhamana: ikithibitika kwamba sarafu ndani ya kasha lao ni bandia, wanalipa kwa masharti yao. Masharti hayo yasome, kwa sababu yana mlango wa nyuma. Kosa la wazi la uandishi, mfano lebo imeandika rupia 15 na ndani ipo heller, hawalilipi. Shaba inayobadilika rangi ikiwa ndani ya kasha nayo ina masharti yake.

Kwenye daraja ndipo penye mjadala, na mjadala huo si wa jana. Mwaka 1990 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi, FTC, iliishtaki PCGS kwa kutangaza kwamba upangaji wake hauna upendeleo na haubadiliki, ikisema madai hayo yamezidishwa. Kesi iliisha kwa maelewano, kampuni ikakubali kuweka tahadhari kwenye matangazo yake. Mwaka huohuo PCGS ilizindua kompyuta ya kupanga madaraja ili kuondoa macho ya binadamu kabisa. Haikudumu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye bado ni macho ya watu.

Ushahidi mkubwa wa kwamba namba inayumba ni tabia ya wafanyabiashara wenyewe. Mtu ana sarafu ya MS 64. Anaona inakaribia 65. Anavunja kasha, anaituma upya. Ikirudi 64, anavunja tena. Siku moja inarudi 65 na faida inalipa ada zote. Kama namba ingekuwa kama uzito, mchezo huo ungekufa zamani. Una madhara mengine yasiyoonekana: kampuni huchapisha takwimu za sarafu ngapi wamezipa kila daraja, na lebo za makasha yaliyovunjwa hazirudishwi zote. Sarafu moja inaweza kuhesabika mara tatu. Ukisoma kwamba zipo kadhaa za MS 65, huenda ni pungufu.

Jambo lingine linalonipa mashaka ya afya: mwaka 2007 John Albanese, yuleyule aliyeanzisha NGC, alifungua kampuni iitwayo CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuangalia sarafu ambazo tayari ziko kwenye makasha ya NGC na PCGS na kubandika stika kwa zile inazokubaliana na daraja lake. Yaani soko lilifika mahali pa kulipia mkaguzi wa wakaguzi. Stika hiyo ni ya sarafu za Marekani, haitusaidii sisi wa rupia, lakini inaonyesha hata Wamarekani wenyewe hawakuiacha namba peke yake.

Na kuna kisa cha kadi. PSA, kampuni ya kupanga madaraja ya kadi za wanamichezo, ilizaliwa 1991 katika ukoo uleule wa PCGS. Kadi yake maarufu kuliko zote ni ya mcheza besiboli Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911. PSA iliipa daraja la 8, daraja la ajabu kwa karatasi ya umri huo. Ilinunuliwa kwa dola 451,000 mwaka 1991, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeimiliki zamani, akakiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo zake ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa, kwa kanuni za PSA yenyewe, haistahili namba. Hapo ilikuwa kadi moja, imetazamwa kuliko nyingine yoyote duniani.

Mimi sichukulii kisa hicho kama sababu ya kuyakataa makasha. Nakichukulia kama sababu ya kutolipa bei ya MS 65 kwa sarafu ambayo macho yako yanaona ni 63, eti kwa sababu lebo imesema. Na karatasi si sarafu. Kukata kingo za kadi hakuachi alama kubwa, ila kusugua rupia kunaacha mikwaruzo ambayo mkaguzi anaikamata kirahisi. Hilo linatuleta kwenye ugonjwa wetu mkubwa.

Limau, majivu na steel wire

Sarafu nyingi nzuri za Kilimanjaro zimeuawa jikoni. Mtu anatoa rupia nyeusi ya bibi, anaona aibu kuionyesha ilivyo, anaisugua kwa majivu na limau mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi. Kwa mkusanyaji, weusi ule ndio uliokuwa mali. NGC wala PCGS hawatakupa namba kwa sarafu iliyosuguliwa: wataifunga kwenye kasha wakiandika Details, maana yake ni halisi na imechakaa kwa kiwango fulani, lakini imesafishwa. Bei inaporomoka. Umelipa ada ya makumi ya dola kuambiwa ulichokifanya mwenyewe jikoni.

Kwa hiyo kama rupia yako imeshaoshwa, na si rupia mbili wala ya Tabora, ulinganisho wote unaofuata haukuhusu. Iuze kwa uzito wa fedha na kidogo juu yake, au mwachie mjukuu.

Dalali na sonara

Dalali ana ubora mmoja: fedha leo. "Mzee wangu, hii imechoka, nakupa elfu ishirini kwa sababu ni wewe," anakwambia, na wakati mwingine elfu ishirini ni bei ya haki. Tatizo ni kwamba hutajua. Yeye hapangi daraja la sarafu, anapanga daraja la muuzaji: una haraka, umetoka mbali, unajua au hujui.

Sonara ni tofauti, na nashangaa watu wanavyompita. Hawezi kukwambia AU 58, lakini anaweza kukwambia kama ni fedha au si fedha, na hilo ndilo nusu ya kazi. Mwombe apime hewani, kisha apime ikiwa imening'inia kwenye maji kwa uzi. Rupia halisi ambayo haijalika sana hupungua takribani gramu 1.1 ndani ya maji. Ikipungua zaidi ya hapo kwa kiasi kinachoonekana, madini yake ni mepesi kuliko fedha. Arusha una msaada mwingine: mizani ya broka wa tanzanite husoma hadi sehemu ndogo sana, ila inasoma karati. Karati tano ni gramu moja. Rupia mpya ni karati 58.3, rupia 15 ya Tabora ni karati 35.84. Ikiwa tembo wako ana karati 28, usiendelee kusoma. Sumaku pia haigharimu kitu: fedha, dhahabu, shaba, na hata heller kumi zenye tundu havivutwi. Kinachoruka kwenye sumaku ni chuma kilichovaa nguo.

Mnada wa Ujerumani

Huyu ndiye anayesahaulika, na kwa sarafu hizi ndiye ningemfikiria wa kwanza. Wanunuzi wakubwa wa sarafu za koloni la Ujerumani ni Wajerumani. Zipo nyumba za mnada zinazouza sarafu hizi mara kwa mara, Künker ya Osnabrück ikiwa mojawapo ya kubwa. Hawakuanza na makasha. Wanapanga kwa maneno, kutoka schön, ambayo ni sarafu iliyolika hasa, kwenda sehr schön, vorzüglich, hadi Stempelglanz, ambayo haijaguswa. Wanataja pia namba ya katalogi ya Jaeger, yaani kitabu cha orodha ya sarafu za Kijerumani. Rupia 15 ya Tabora ni namba 728. Mkusanyaji wa Kijerumani anayasoma maneno hayo, anatazama picha, anaamua mwenyewe. Wengi wao kasha la plastiki hawalipendi hata kidogo.

Uaminifu wa upangaji huu unatoka mahali pengine. Nyumba ya mnada ina jina la kulinda, na ikiuza bandia inarudishiwa. Lakini inauza kwa niaba yako, inakata asilimia yake, na inamtoza mnunuzi asilimia nyingine juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, hivyo si mtu wa nje kabisa asiye na maslahi. NGC na PCGS wanalipwa ada hata sarafu isipouzika. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kwa haki ni pointi kwao.

Faida kubwa ya mnada kwa mtu wa Moshi ni kwamba unaanza na picha. Unatuma picha mbili safi na uzito kwa barua pepe, wanakujibu kama wanaitaka au la. Hakuna ada ya kuuliza.

NGC na PCGS, uso kwa uso

Kwa ubora wa kazi, kuwatenganisha ni kutafuta ugomvi. Wote wana dhamana, wote wana usajili wa mtandaoni, wote wanaandika Details kwa zilizosuguliwa. Tofauti ziko pembeni.

PCGS jina lake lina nguvu zaidi kwenye sarafu za Marekani, na huko mnunuzi huongeza bei kwa kuona lebo yake tu. Rupia si sarafu ya Marekani, kwa hiyo nguvu hiyo hatuilipii. NGC imejenga zaidi upande wa sarafu za dunia, na ukitafuta rupia na heller zilizoko kwenye makasha utakutana na lebo zake mara kwa mara. Kulinganisha bei kunakuwa rahisi: unaitazama yako, unatazama zilizouzwa zenye lebo ileile, unajua uko wapi.

Kwa umbali, wote makao yao ni Marekani, lakini NGC inapokea sarafu kupitia Munich na London, na PCGS ina ofisi Paris. Kutuma Ulaya ni nafuu ya mzunguko na ya moyo kuliko kutuma Florida au California. Na wote wanataka uwe mwanachama au upitie kwa mfanyabiashara waliyemwidhinisha; mtu wa kawaida haingii tu mlangoni. Hapo ndipo ndugu aliyeko Ujerumani au Uingereza anapokuwa na thamani kuliko akiba yako ya benki.

Heller za shaba zina jambo lao. Wote wawili huongeza herufi za rangi: RD ikiwa bado nyekundu, RB ikiwa imechanganyika, BN ikiwa kahawia. Heller nyekundu kabisa ya miaka zaidi ya mia ni nadra, na hewa ya Tanga au Dar haikuwa rafiki yake. Ya huku juu, kwenye baridi na ukavu wa wastani, wakati mwingine zimebaki vizuri zaidi. Ukiwa nayo hiyo, usiishike kwa vidole sehemu ya sura. Shika kingo.

Makampuni mengine yapo. ANACS ni ya zamani kuliko wote wawili, mizizi yake ni ya 1972, na ni ya heshima. Lakini soko la rupia haliifahamu sana, na ukiuza utajikuta unaeleza. Ila kasha lenye jina usilowahi kulisikia, lenye namba 69 au 70 kwa sarafu ya 1890, ni plastiki tu. Na hata jina kubwa halitoshi: makasha ya kughushi ya NGC na PCGS yamekuwa yakionekana sokoni tangu 2008. Usinunue bila kuingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya kampuni na kulinganisha picha, pale picha ipo, alama kwa alama.

Ningetuma ipi, wapi

Heller moja, pesa, heller kumi zenye tundu, heller 20 za Tabora zilizochakaa: popote pale palipo na mtu anayezipenda. Kasha lingekuwa ghali kuliko kilichomo.

Rupia moja ya kawaida, VF au chini: sonara athibitishe, kisha uza kwa mkusanyaji au kwa mtalii kwa bei uliyoisimamia. Kama inaonekana haikutumika kabisa, nywele za ndevu za Kaiser zinahesabika na uso una mng'ao wake wa asili unaozunguka ukiigeuza kwenye mwanga, hapo fikiria NGC. Tofauti ya bei kati ya AU na MS 64 inaweza kulipia ada. Kati ya VF 25 na VF 30 hailipi hata nauli ya Coaster kwenda Arusha.

Rupia mbili na heller tano nzuri: mnada wa Ujerumani. Huko ndiko zinakojulikana.

Rupia 15 ya Tabora: NGC kwanza, kupitia Munich, halafu mnada. Hapa nalipa ada bila kunung'unika, na silipii namba. Nalipia neno moja tu, kwamba ni halisi, kutoka kwa mtu ambaye mnunuzi wa Berlin, Hong Kong na Chicago wote wanamwamini. Ikirudi AU 55 wakati mimi niliiona 58, sitaivunja kasha. Kama tayari unaye mnunuzi mkubwa wa Marekani anayetaka PCGS pekee, mpe PCGS. Hiyo ndiyo sababu moja inayonibadilisha.

Kabla haijatoka mkononi

Ilikotoka sarafu ni muhimu. Ya urithi ina historia ya familia, iandike: jina la babu, kijiji, alikofanyia kazi. Iliyochimbwa ardhini inaweza kuingia kwenye mambo yanayoguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hasa ikiwa imepatikana pamoja na vitu vingine au karibu na boma la zamani, kwa hiyo uliza makumbusho kabla ya kuisafirisha. Arusha hilo si safari ndefu, boma lenyewe la Mjerumani la mwaka 1900 ndilo makumbusho.

Usiifunge kwenye mfuko laini wa plastiki wenye harufu. Plastiki ya aina hiyo huacha utando wa kijani kwenye fedha na shaba. Bahasha ndogo ya karatasi kavu inatosha. Piga picha pande zote mbili na kingo, kisha picha ya tatu ikiwa juu ya mizani namba zikisomeka. Na usiiweke kwenye barua ya kawaida: kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu humo, na ikipotea huna pa kudai. Tuma kwa kifurushi chenye bima, thamani ikiwa imeandikwa ile ya kweli, na kwenye fomu ya forodha eleza kwamba inakwenda kukaguliwa na itarudi, ili isije ikatozwa kodi kama bidhaa mpya siku ya kurejea.